Ardhi ya mwenyewe, njia ya wageni

Ilikuwa Desemba 2019, theluji imekwisha kuvifunika vilima vya kaskazini mashariki mwa jimbo la Vermont, Marekani, pale habari ilipowafikia waendesha baiskeli wa milimani kuanzia Boston hadi Montreal. Wenye ardhi watatu wa kilima cha Darling Hill, katika mji mdogo wa Burke, walikuwa wameondoa ruhusa yao. Msimu ukifunguliwa tena, baiskeli hazitapita katika misitu na malisho yao.

Hapakuwa na kesi, wala askari, wala amri ya serikali. Hapakuwa na haja. Ardhi ni yao, na njia zilizopita humo miaka yote ile zilipita kwa hisani.

Ukitazama ramani, kilichopotea kilikuwa kipande kidogo cha mtandao wa zaidi ya kilomita 160. Lakini kila aliyewahi kufika Burke alijua kwamba kipande hicho ndicho kilichowavuta watu kusafiri kwa saa kadhaa kwa gari. Humo mlikuwa na Sidewinder, njia inayoshuka korongoni, ikapanda ukuta wa upande mmoja, ikarudi na kupanda wa pili, hivyo hivyo mpaka chini. Humo mlikuwa na Troll Stroll na Tody's Tour, majina yanayotajwa na waendesha baiskeli wa huko jinsi wapenda soka wanavyotaja viwanja.

Swali lililobaki mezani linawahusu wengi zaidi ya watu wa Burke: wageni wanapoufufua mji, nani hupata, na nani huubeba mzigo?

Msitu uliorudi wenyewe

Eneo hilo huitwa Northeast Kingdom, yaani Ufalme wa Kaskazini Mashariki, ingawa halijapata kuwa na mfalme. Jina hilo lilienezwa na George Aiken, seneta wa Vermont, mwaka 1949. Ni wilaya tatu, Orleans, Essex na Caledonia, mbili za kwanza zikipakana na Kanada: vilima vyenye miinuko mikali, maziwa, mabonde ya mito, na majira ya baridi yasiyokwisha upesi.

Anayepita katika misitu hiyo leo hukutana na jambo la kushangaza. Katikati ya miti mirefu, mahali pasipo na nyumba wala zizi, kuna kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono. Ni mipaka ya mashamba ya zamani. Katika karne ya 19 Vermont ilikuwa nchi ya kondoo wa Merino, na sehemu kubwa ya miti yake ilikuwa imekatwa kupisha malisho. Bei ya sufu ilipoanguka na ardhi bora ikapatikana magharibi, wakulima wengi walihama. Miti ikaota upya. Sasa karibu robo tatu ya jimbo ni msitu, na sehemu kubwa ya msitu huo ni mali ya watu binafsi na familia zao.

Hapa ndipo Vermont inapotofautiana na majimbo ya magharibi, ambako njia nyingi za baiskeli hupita katika misitu ya serikali na ugomvi huamuliwa maofisini. Huko magharibi, mwaka 1984, idara ya misitu ya serikali kuu ilipobainisha kwamba baiskeli haziruhusiwi katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa kwa sheria ya mwaka 1964, mjadala ulikuwa kati ya vyama na serikali, na haujaisha hadi leo. Burke mjadala ni kati ya jirani na jirani.

Darling Hill yenyewe ina historia ya kutegemea wageni wa mbali. Milki ya Elmer Darling, mzaliwa wa huko aliyeendesha hoteli ya Fifth Avenue jijini New York, ilikuwa juu ya kilima hicho, na shamba lake lililisha hoteli hiyo. Jumba alilojenga, Burklyn, lilikamilika mwaka 1908 na bado linaonekana kutoka mbali. Baada yake mashamba ya ng'ombe wa maziwa yaliendelea kupungua, mwaka hadi mwaka, kama ilivyokuwa kote Vermont.

Hodi mlango kwa mlango

Mwaka 1994 wenyeji kadhaa, akiwamo mwenye duka la michezo la kijiji cha East Burke, waliunda chama kisicho cha kibiashara, Kingdom Trails. Wazo lao lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: kuunganisha barabara za zamani za mashamba, mapito ya wapiga ski na vijia vya msituni viwe mtandao mmoja. Ili kufanya hivyo walilazimika kubisha hodi kwa kila mwenye ardhi na kumwomba.

Wengi walikubali. Kufikia mwaka 2019 mtandao ulipita katika ardhi ya watu wapatao mia moja. Mwendesha baiskeli hununua tiketi, na fedha hiyo hutengeneza njia na kulipa mafundi wake. Mwenye ardhi halipwi kitu.

> Mwendesha baiskeli hununua tiketi. Mwenye ardhi halipwi kitu.

Jambo hili huwashangaza wengi, lakini lina sababu ya kisheria. Sheria ya Vermont humkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu kujiburudisha kwake bila malipo: mtu akianguka akavunjika mguu, hawezi kumshitaki kirahisi. Akianza kutoza, kinga hiyo huiweka rehani. Nyuma ya sheria hiyo kuna desturi ya zamani zaidi. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777, iliyoandikwa kabla jimbo hilo halijajiunga na Marekani, iliwapa wakazi uhuru wa kuwinda na kuvua, hata katika ardhi ya wengine isiyozungushiwa ua. Watu wa huko wamekulia katika imani kwamba msitu wa jirani unapitika, mradi upite kwa adabu.

Desturi hiyo ilizoea mwindaji mmoja na mbwa wake mwezi Novemba. Haikuwahi kufikiria maelfu kwa maelfu.

Kazi iliyomo chini ya tairi

Asiyejua hudhani njia ya baiskeli ya milimani hujitengeneza kwa kupitwa. Ikiachwa ijitengeneze hivyo, misimu miwili mitatu inatosha kuigeuza mfereji.

Adui ni maji. Fundi wa njia huanza kwa kutazama ubavu wa mlima na kujiuliza mvua itapita wapi. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi duniani ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inakopita. Ukizidi, maji huacha kuivuka njia na kuanza kuifuata, na yakishaifuata huibeba. Kwa wastani, kila mita kumi za urefu zisipande zaidi ya mita moja. Uso wa njia huinamishwa kidogo upande wa bondeni. Penye chemchemi huwekwa daraja la mbao au mawe. Kwenye kona za mteremko huinuliwa ukingo wa udongo ulioshindiliwa, ili tairi liegemee badala ya kuburuzika.

Kisha kuna msimu wa matope. Theluji inapoyeyuka mwezi Aprili, ardhi ya juu hulainika huku ya chini ingali imeganda, na maji hayana pa kwenda. Tairi moja likipita wakati huo huacha alama inayodumu mwaka mzima. Kwa hiyo njia hufungwa mpaka zikauke, kwa kawaida hadi mwezi Mei, hata kama wenye hoteli wanahesabu vyumba vitupu na wageni wanapiga simu kuuliza.

Naitaja kazi hii kwa sababu wanaopenda baiskeli hushutumiwa mara nyingi kwamba hutumia msitu bila kuutunza. Burke shutuma hiyo haisimami. Njia zilijengwa vizuri na kutunzwa vizuri. Kilichoshindikana kilikuwa nje ya njia.

Neema ya kijiji

Burke ina wakazi wapatao 1,650. Mwaka 2019 Kingdom Trails ilihesabu ziara zaidi ya 130,000, nyingi zikiwa za miezi michache kati ya Mei na Oktoba, na sehemu kubwa zikitoka Quebec.

Kwa mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa baiskeli au kijana anayetafuta kazi ya kiangazi, idadi hiyo ni riziki. Kabla ya baiskeli, eneo lilitegemea theluji, mbao, ng'ombe, na miti ya mepo inayogemwa utomvu wa kutengenezea asali yake. Kiangazi kilikuwa msimu mfu. Baiskeli ziliugeuza kuwa msimu wa mavuno, na baadhi ya vijana waliokuwa wakihamia mijini wakaona sababu ya kubaki.

Tena fedha hiyo ilikuja bila ahadi kubwa. Katika miaka hiyohiyo mradi wa mamilioni ya dola za wawekezaji wa kigeni, uliohusisha vituo vya ski vya Jay Peak na Mlima Burke, uliishia kwenye mashtaka ya ulaghai mwaka 2016, na viongozi wake wakahukumiwa vifungo mwaka 2022. Wakati mradi huo ukizama, vijia vilivyochimbwa kwa jembe na reki viliendelea kuleta watu. Upande huu wa hoja ni wa kweli na hauna budi kusemwa.

Na aliyeketi barazani?

Sasa jiweke mahali pa anayeishi kando ya barabara ya Darling Hill. Hana duka. Hauzi kahawa wala kukodisha vyumba. Alikubali zamani baiskeli zipite kwake, siku ambazo Jumamosi nzima zilipita chache na wapanda baiskeli wenyewe aliwajua kwa majina ya wazazi wao.

Miaka ishirini na mitano baadaye barabara yake nyembamba imejaa magari yenye baiskeli mgongoni. Waendesha baiskeli wanakwenda watatu au wanne sambamba, trekta nyuma yao ikisubiri. Wengi ni waungwana. Lakini katika ziara zaidi ya 130,000, hata wakorofi wakiwa wachache kabisa, mwenye nyumba hukutana nao kila wiki: anayepiga kelele, anayeegesha getini, anayemjibu vibaya mtu aliyesimama kwenye ardhi yake mwenyewe.

Wenye ardhi watatu walifikia kikomo. Wingi wa watu na mwenendo wa baadhi yao ndivyo vilivyowachosha. Wengine walio wengi, zaidi ya tisini, hawakuondoka. Chama kiliwashukuru wote, hata waliojitoa, na hilo lilikuwa jambo la busara.

Mitandaoni mambo yalikuwa tofauti. Wapo waliowaita wale watatu wachoyo, na wapo waliowahesabia fedha ambazo mji ungepoteza. Nasema waziwazi kwamba lawama hizo hazikuwa za haki. Mtu aliyetoa bure kwa miaka mingi hawi mchoyo siku anapopumzika. Ikiwa fedha za wageni ziliwafikia wenye maduka na kodi ya mji, huku vumbi na kelele vikimfikia yeye, basi mpango wenyewe ndio uliokuwa na kasoro. Aliyewajibika kuiona mapema ni yule aliyeuza tiketi na kuhesabu ziara, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua idadi zikipanda mwaka hadi mwaka.

> Mtu aliyetoa bure kwa miaka mingi hawi mchoyo siku anapopumzika.

Kingdom Trails, kwa sifa yake, haikujitetea kwa ubishi. Iliagiza utafiti wa kujua mtandao na kijiji vinaweza kubeba watu wangapi, magari yaegeshwe wapi, na jinsi ya kuwatawanya wageni katika miji jirani badala ya kuwakusanya kijiji kimoja. Ilitilia mkazo wito wa kuendesha kwa shukrani, na kanuni zinazoeleweka hata na mtoto: mpishe mwingine, punguza mwendo penye nyumba, ondoka na taka zako, msalimie mwenyeji. Hayo yangeweza kufanywa wageni walipokuwa nusu ya idadi ile.

Mpaka ulipofungwa

Miezi mitatu baada ya tangazo la Darling Hill, mwezi Machi 2020, korona ilifunga mpaka wa Marekani na Kanada. Watu wa Quebec, ambao msimu mmoja tu nyuma walionekana wengi mno, hawakuweza kuvuka. Mpaka wa nchi kavu haukuwafungukia Wakanada kwa matembezi hadi Novemba 8, 2021.

Kisha yakaja mafuriko. Julai 2023 sehemu kubwa ya Vermont ilizama. Julai 2024, mwaka mmoja kamili baadaye, mvua iliupiga Ufalme wa Kaskazini Mashariki na kubomoa barabara na nyumba, na kabla mwezi haujaisha ikapiga tena karibu na mahali palepale. Mwaka 2025, mvutano wa ushuru na siasa kati ya Washington na Ottawa ukawafanya Wakanada wengi waahirishe safari zao za Marekani, na miji ya mpakani ikaliona pengo hilo mara moja.

Kwa hiyo mji ule ule ambao ulilemewa na wageni ukaja kuwatafuta. Mimi silioni hilo kuwa jibu kwa wenye ardhi, wala ushahidi dhidi yao. Linaonyesha tu kwamba kijiji kinachotegemea mgeni wa aina moja, kwa msimu mmoja, kutoka upande mmoja wa mpaka, kina hatari mbili, si moja: wageni wakizidi, na wageni wakikoma.

Mji ulionunua mlima

Ukishuka kusini mwa Vermont hiyohiyo utafika West Windsor, mji wa watu wapatao 1,300 chini ya Mlima Ascutney. Wapenzi wa baiskeli wa Kenya wanalijua jina hilo kwa huzuni. Hapo ndipo Agosti 27, 2022 Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alipoanguka na kufariki katika mbio za Vermont Overland, akiwa na umri wa miaka 33. Sule, kama alivyoitwa na wengi, alikuwa amekwisha kushika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, na alikuwa akiwafungulia vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda mlango wa mbio za barabara za changarawe na misitu. Wenzake waliofuata nyayo zake bado wanashindana.

West Windsor ilipitia msiba wake wa kiuchumi mwaka 2010, kituo chake cha ski kilipofungwa. Kilikuwa mwajiri, kilikuwa na wageni, kilikuwa kila kitu. Badala ya kumngoja mwekezaji mwingine, wakazi walipiga kura. Kwa msaada wa shirika la hifadhi ya ardhi la Trust for Public Land, mji uliinunua ardhi ya kituo hicho mwaka 2015, ekari zaidi ya 400, ukaziunganisha na msitu ambao tayari ulikuwa mali ya mji. Watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuanza kuchimba njia za baiskeli humo. Sasa zimefika makumi ya kilomita, na mteremko mdogo wa ski umefufuliwa kwa ajili ya watoto wa shule.

Tofauti na Burke iko wazi. Ascutney, sehemu kubwa ya njia iko katika ardhi ya mji. Mkazi akikerwa na magari, anakwenda kwenye mkutano wa mji mwezi Machi, anasimama, anasema, na kura yake inahesabiwa. Hana haja ya kufunga geti ili asikike. Na anayepita katika msitu huo anapita katika mali ambayo haiwezi kuuzwa ghafla kwa mnunuzi asiyependa baiskeli.

Sisemi kila mji unaweza kununua mlima. Burke isingeweza kununua mashamba ya watu mia moja, na wengi wasingeuza. Lakini kati ya kununua kila kitu na kutegemea hisani tupu kuna nafasi pana: mikataba ya muda mrefu ya haki ya kupita, kodi ya ardhi iliyopunguzwa kwa anayeruhusu njia, fungu la tiketi linalotengeneza barabara ya anayeishi kando yake, na viti vya wenye ardhi katika bodi inayoamua idadi ya wageni. Ningeanza na hivyo viti.

Somo linalovuka bahari

Huku kwetu baiskeli za milimani zimekwisha kufika. Rwanda ina njia ya Kongo-Nile kando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayopita katikati ya mashamba ya kahawa na chai. Lushoto, katika Usambara Magharibi, watalii huendesha kutoka kijiji hadi kijiji kuelekea Mtae, katika vijia ambavyo mama mwenye kuni kichwani huvitumia kila asubuhi. Iten, maskani ya wakimbiaji, imekuwa pia maskani ya waendesha baiskeli wa Team Amani.

Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kwa hiyo mwenyeji wa Usambara hana haja ya kungoja achoke ndipo afunge njia. Ana mkutano mkuu wa kijiji, na anaweza kuuliza maswali kabla ya baiskeli ya kwanza kupita.

Nawaomba wenye kampuni za utalii na maofisa wa halmashauri wanaochora njia mpya waupeleke mpango wao kwenye mkutano huo kwanza, wakiwa na majibu yaliyoandikwa: baiskeli ngapi kwa siku, miezi ipi njia ifungwe kwa sababu ya mvua, nani atalipwa kiasi gani, na mkulima ambaye mahindi yake yamekanyagwa amwone nani, lini. Na mwanakijiji asiporidhika, ramani ibadilishwe kabla jembe halijagusa ardhi.